Mashine ya Mwaka wa Kumi

Nzuki Musembi, fundi wa vyuma pale sokoni Kyuso, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa adabu. Angekukanyaga kwa bahati mbaya, angekuomba msamaha mpaka ujione wewe ndiye uliyemkanyaga. Mlangoni alikuwa wa mwisho kuingia, mezani wa mwisho kunawa, na kanisani alikaa nyuma kabisa ingawa ni yeye aliyeunga miguu ya mabenchi yote ya mbele. Watu walimpenda sana. Mkewe Syokau alimpenda pia, ila mapenzi yake yalikuwa na mipaka, na mwishoni mwa mwaka wa themanini na sita mipaka hiyo ilianza kuonekana.

Yote yalianza na pikipiki ya Bwana Mutie. Huyu alikuwa ofisa wa mradi mmoja wa zana za sehemu kame, mwenye ofisi huko Kitui mjini, kijana mwenye miwani na vumbi hadi ndani ya masikio. Alifika karakana ya Nzuki akaketishwa juu ya pipa lililopinduliwa, akapewa maji, akanywa, akaongezwa, akanywa tena. Ndipo akasema.

"Bwana Nzuki, pesa ya utafiti iko. Lakini wakubwa wamechoka. Huko nyuma tulikuwa tunapatia mtu yeyote mwenye kupiga kelele, na saa hizi ukizunguka Kitui yote utakuta mashine zetu zimekuwa kitanda ya kuku. Sasa wanataka plani. Miaka kumi. Mtatafiti kitu gani kwanza, gani ifuate, na kwa nini. Ukiniambia unataka kinu, nitakuuliza, utasaga nini kama ndengu bado imejaa mchanga? Unaelewa? Kila kitu inangoja mwenzake. Na pesa itafuata ile laini, kuanzia juu."

Nzuki alielewa kuliko Mutie alivyodhani. Jambo hilo alikuwa akilipindua kichwani kwa miaka, wakati wenzake wamelala au wanasikiliza mahubiri. Alijibu bila kupumua. Kwanza mashine ya kupura ndengu, kwa sababu kila Februari Kyuso nzima hukaa chini ikitwanga ndengu kwa fimbo, mchanga ukaingia, punje zikavunjika, na Yakub mnunuzi akakata bei huku akicheka. Ndengu zikipurwa vizuri, ndipo feni ya kupepeta. Zikipepetwa, ndipo kinu cha kuzikoboa. Zikikobolewa, ndipo pakiti za kupeleka Nairobi. Kinu kikija kabla ya mashine ya kupura kitasaga mawe.

Mutie aliruka kutoka juu ya pipa. "Hiyo! Hiyo ndiyo plani! Watu wa digrii hawajaniletea kitu kama hii. Andika vile umesema. Jambo moja tu, isiwe yako peke yako. Komiti haipatii mtu mmoja pesa. Iwe ya kikundi."

Nzuki akasema hakuna shida. Kikundi kilikuwapo, kile cha mwethya, ambacho watu wake hulimiana mashamba na kujengeana nyumba kwa zamu. Mwenyekiti wake alikuwa yeye mwenyewe. Walikuwa wamemchagua kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufaulu kugombana naye.

Alasiri hiyo Syokau alirudi na maji. Alitembea kando ya gari la ng'ombe, kijiti mkononi, mapipa mawili yakiyumba nyuma yake, na mbele wakivuta Sajini na Mkoloni. Sajini alipata jina lake kwa kuwa aliamka mapema na kupenda kazi. Mkoloni alipata lake kwa kuwa alipenda kutembea wakati mwenzake anavuta, na alikuwa amenona kwa jasho la mwingine.

Ng'ombe hao walikuwa wa Syokau, na hakuna aliyelipinga hilo. Aliwanunua wakiwa ndama kwa fedha za vyondo alivyosuka mpaka vidole vikawa kama mizizi. Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulipokuja na kumaliza mbuzi wote wa boma hilo, hawa wawili aliwalisha maganda ya migunga aliyookota mwenyewe, akawanywesha maji ambayo mama mkwe wake alisema yangefaa kunywewa na watu. Kabla yao alikuwa akibeba maji mgongoni, mkanda wa ngozi umepita juu ya kichwa, kutoka kwenye visima vya mchanga vya mto mkavu. Ni mwendo ambao ukienda asubuhi, uji unapoa na kuchacha kabla hujarudi. Chini ya kitambaa chake cha kichwa bado palikuwa na bonde dogo ambapo mkanda ulikaa, na nywele zilikuwa hazijakubali kuota tena hapo.

Nzuki alimsaidia kuteremsha maji, akamweleza habari za Mutie. Syokau alifurahi. Kisha Nzuki, ambaye hakujua kudanganya, akaongeza sehemu ya pili.

"Na kama komiti ikikataa, mimi siwezi kuacha hii mashine tena, Syokau. Ngoma yake imekwisha, meno yamekwisha, imebaki injini. Tutauza ng'ombe, ninunue injini."

"Ng'ombe gani?"

"Hizi."

"Hizi zangu."

"Nisamehe. Hizi zako."

Syokau hakupiga kelele. Alimfungua Sajini nira, akampangusa shingoni kwa kiganja. "Na maji?"

"Itakuwa muda kidogo tu. Mashine ikianza kuleta kitu, nakununulia zingine. Yakub amekuja kuangalia meno zao."

"Yakub ameangalia meno ya ng'ombe yangu? Lini?"

"Ulikuwa kanisani. Nilimwambia angoje urudi, lakini alikuwa na haraka, na unajua si vizuri kumkatalia mgeni."

Mama yake Nzuki, bibi kizee Mbula, alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde na kusikia kila neno. Alicheka hadi kunde zikamwagika. "Syokau, nilikuonya. Nilikuambia siku ya harusi, huyu mtoto yangu alichelewa kuzaliwa kwa sababu alikuwa anangoja wengine watangulie."

Mkutano wa kikundi ulifanyika katika karakana, na ubao mweusi ukaazimwa shule ya msingi. Walikuja wote, na Nzuki akawaeleza vizuri sana, kila kitu kinamngoja mwenzake, mpaka wazee wakaitikia kwa vichwa na kusema naam, ndengu kwanza, hata kipofu anaona. Lau wangefunga mkutano hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na Mkoloni angekuwa hai.

Lakini Nzuki aliuliza kama kuna mwenye neno. Katika mwethya hakuna mtu anayeombwa neno akarudi nalo nyumbani. Mzee Mutiso, mkubwa wa wote, alisema yeye amefikiria mashine ya kufukuza ndege katika mtama: gurudumu la baiskeli, mikebe, na upepo. Mchungaji akasema kanisa lingependa sanduku la jua la kukaushia kunde. Mama mmoja mjane akataja jiko la kuangulia vifaranga. Mwalimu mkuu, kwa kuwa ubao ulikuwa wake, akasema angependa kitu chochote chenye umeme. Yakub mwenyewe, ambaye hakuwa mwanachama bali alikuwa amepita tu, alipendekeza mzani usiosoma mchanga, na watu wakacheka kwa uchungu.

Wengine nao wakaongeza yao, na kila wazo lilikaribishwa. Kila mmoja alishukuriwa. Kisha wote wakaenda zao, wakamwachia mwenyekiti kazi ya kupanga.

Nzuki akakaa mbele ya ubao na chaki. Akili yake ilijua vizuri kipi kinakingoja kipi. Mkono wake haukuweza. Angeandikaje mashine yake juu ya ya mzee Mutiso, mtu aliyemshika akiwa mtoto mchanga? Juu ya ya mchungaji? Juu ya ya mjane? Mwenye nyumba hujipakulia mwisho, na yeye ndiye mwenyekiti na mwenye karakana. Basi akapanga kama mtu anavyopanga wageni mezani. Mwaka wa kwanza, ndege wa mzee Mutiso. Mwaka wa pili, sanduku la mchungaji. Wa tatu, vifaranga vya mjane. Akateremka hivyo, akampa nafasi nzuri hata Yakub, na chini kabisa, katika mwaka wa kumi, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita, akaandika kwa herufi ndogo zenye haya: mashine ya kupura ndengu. Akasogea nyuma, akautazama ubao, akaona ni kazi ya mtu mstaarabu.

Ubao ulisimama wazi pale karakana, na kila aliyepita aliusoma. Kila aliyeusoma alijua umekaa vibaya, akamsifu Nzuki kwa heshima yake, akaendelea na safari. Mzee Mutiso aliusoma mara nyingi kuliko wote. Alikuja hata siku zisizo za soko.

Syokau aliusoma siku moja kabla ya kamati ya mradi kufika kuukagua mpango.

"Baba Nzilani," alimwita kwa jina la binti yao, na Nzuki alijua akiitwa hivyo kuna moto. "Soma hapa chini."

"Mashine ya kupura ndengu."

"Mwaka gani?"

"Tisini na sita."

"Komiti inatoa pesa kutoka juu ama kutoka chini?"

Nzuki alitazama nyundo yake. "Kutoka juu. Mutie alisema watafikia tatu za kwanza. Lakini ni watu wamesoma, Syokau. Wataona. Mtu akikuta mwenyekiti amejiandika mwisho, si anajua ni adabu?"

"Mtu wa Kyuso anajua. Hawa ni watu wa faili."

"Basi nifute jina ya mzee Mutiso? Mimi? Nimtazame wapi kanisani?"

"Na mimi utanitazama wapi nikipita na mtungi mgongoni?"

Kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, Nzuki aliomba msamaha. Hilo lilimuudhi Syokau kuliko tusi. Alikwenda nyuma ya jiko, akakaa na Sajini na Mkoloni, akawakuna katikati ya pembe, na machozi yalimtoka ya hasira. Heshima si utumwa, alijiambia, lakini hapa kwetu imekaribia.

Kamati ilifika katika gari moja jeupe. Alikuwamo Mutie, walikuwamo wazee wawili wa mradi ambao hawakusema kitu mwanzo hadi mwisho, na kiongozi wao alikuwa Bi Hasina. Huyu alizaliwa Kitui mjini katika familia iliyotoka pwani zamani, akasomea uhandisi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata watu wa Kyuso wakakaa wima wakimsikiliza. Alikuwa amejifunga ushungi wa kijani. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akausogelea ubao.

Alisoma kimya. Mutie, aliyekuwa hajauona, alisoma juu ya bega lake, na rangi ikamtoka usoni.

"Mwaka wa kwanza," alisema Bi Hasina, "chombo cha kufukuzia ndege. Mheshimiwa mwenyekiti, hebu nieleweshe. Bwana Mutie aliniandikia kuwa hapa pana mpango wa ndengu."

"Uko," alisema Nzuki. "Uko hapo chini."

"Mwaka wa kumi?"

"Ndiyo, madam."

"Kwa hiyo mwaona jambo la ndengu laweza kungoja miaka kumi."

Nzuki alifungua mdomo. Alimwona mzee Mutiso katika kiti cha mbele, mikono juu ya bakora. Alimwona mchungaji. Alimwona mjane, ambaye alikuwa amevaa viatu vya Krismasi. "Tumekubaliana hivyo sote," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizika.

Bi Hasina aligeuka kwa watu. "Ndugu zangu, sisi hatuna fedha za kila kitu. Tutaanzia hapa juu, tutafika hapa kwenye vifaranga, tutasimama. Yupo mwenye kutaka kubadilisha lolote kabla sijatia sahihi?"

Karakana nzima ilikuwa imejaa watu waliotaka kubadilisha, na hakuna aliyekohoa. Mchungaji alitazama dari. Mwalimu mkuu alitazama ubao wake. Mzee Mutiso alikuwa akitokwa na jasho kama mtu aliyefumaniwa. Nje, Yakub alikuwa amekuja na kamba mbili mpya, kwa kuwa ni mfanyabiashara na mfanyabiashara hasubiri matokeo.

Syokau ndiye aliyeona kamba hizo. Akasimama.

"Mimi nataka," alisema.

Watu waligeuka. Syokau alipita katikati yao mpaka ubaoni, akachukua ncha ya leso yake na kufuta mstari wa juu kabisa. Vumbi la chaki lilimwangukia mzee Mutiso magotini. Bibi kizee Mbula alimwita Mungu, "Ngai!", kwa sauti ya mtu anayefurahia sana.

"Mimi nataka yetu ikuwe namba wani," alisema Syokau. "Ya mzee wangu. Ya ndengu. Kwanza. Sisi kwanza."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likisemwa hivyo mbele ya wazee, uchi, bila hata "samahani" ya kulifunika. Nzuki aliinamisha kichwa kama aliyepigwa. Kina mama waliziba midomo.

"Mzee Mutiso, usikasirike," aliendelea. "Ndege zako nitafukuza mimi mwenyewe kwa kombeo mpaka zamu yako ifike. Lakini siwezi kunyamaza. Madam ameuliza na nyinyi nyote mmenyamaza, na Yakub amesimama hapo nje na kamba. Mkipatia ndege pesa, huyu atauza ng'ombe anunue injini, mimi namjua, hawezi kuwacha. Akiuza ng'ombe, mkanda unarudi hapa." Akavuta kitambaa nyuma, akainama, ili kila mtu aone lile bonde lisilo na nywele. "Hapa. Sasa niambieni nikuwe na adabu."

Mwanamke kuonyesha kichwa chake namna ile katika mkutano lilikuwa jambo zito, na wanawake wengi mle ndani walijikuta wanashika vitambaa vyao wenyewe, kwa kuwa bonde hilo walikuwa nalo wote.

Mzee Mutiso alijipangusa chaki magotini taratibu. Akasimama kwa msaada wa bakora.

"Mtoto wa jana amesimama mbele ya wazee akasema mimi kwanza," alisema. "Hiyo ni tabia mbaya sana. Mbaya sana." Akavuta pumzi. "Na Mungu akubariki. Mimi tangu niandikwe hapo juu sijapata usingizi. Madam, ile mashine yangu ni mikebe tatu na upepo! Mngeniletea pesa ya serikali na ya wazungu, ningefanyia nini? Ningenunua mkebe ya nne? Lakini ningekataa aje? Nzuki amenipatia heshima. Nikirudisha, si nitakuwa nimemtupia usoni?"

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele, kikamfikia hata mchungaji, ambaye alikiri kwamba kunde zao zinakauka vizuri tu juu ya paa. Bi Hasina peke yake hakucheka. Alikuwa ameduwaa kwa dhati.

"Basi kwa nini hamkusema?" aliuliza.

Watu wakatazamana. Walimwonea huruma kidogo. Mutie alimnong'oneza kitu, naye akachukua chaki, akampa Syokau, na Syokau akampa Nzuki, na Nzuki akaandika upya kama alivyokuwa ameeleza siku ya kwanza: kupura, kupepeta, kukoboa, pakiti. Bi Hasina akatia sahihi. Nje, Yakub alianza kukunja kamba zake.

"Ngoja, Yakub, usiende mbali, kisu yako itatakikana," aliita Mbula kutoka kwenye kiti chake. "Mmesahau? Katika mwethya, anayeanza kusaidiwa ndiye anayeanza kupika. Mnadhani namba wani ni bure?"

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyeweza kuipinga. Siku ya kuijaribu mashine watakuja watu wa kikundi chote na jamaa zao na kamati, na wa kwanza hufungua zamu kwa chungu cha nyama. Mbuzi hawakuwapo. Kuku wa boma hilo wasingetosha hata kina mama wa kwaya. Nzuki alisema atakwenda kuwaomba watu wasamehe desturi hiyo mara moja tu. Syokau alimtazama.

"Nimesema mimi kwanza mbele ya watu," alisema. "Sasa nianze kuomba wanihurumie? Chinja Mkoloni."

Siku yenyewe ilikuwa Februari, ndengu zimekauka. Yakub ndiye aliyechinja, ili yeye na Bi Hasina na wengine wa dini yao wale bila wasiwasi. Alikuwa amekuja Kyuso msimu huo akitaka kuondoka na ng'ombe wawili, akaishia kumlaza mmoja na kula maini. "Biashara ni bahati," alisema akilamba vidole. Vijana walipiga vifijo kwamba Mkoloni ameondoka na uhuru umekuja mara ya pili. Syokau alipakua nyama kwa wote, akacheka na waliocheka, na yeye mwenyewe hakutia hata kipande kinywani. Alimlilia ng'ombe yule mvivu kama alivyowahi kuwalilia watu wachache sana.

Mashine nayo ilifanya kazi kwa namna yake. Injini ilikohoa, ikashika, ngoma ikazunguka, mashina ya ndengu yakaingizwa mdomoni, na punje zikatoka safi kabisa, bila chembe ya mchanga, ila zilitoka kwa kasi hivi kwamba zilivuka uzio na kuangukia kuku wa jirani. Nzuki aliomba radhi kwa jirani, na jirani akasema asisumbuke, kuku hawajalalamika. Mutie aliandika kwamba jaribio limefaulu kwa kiasi fulani.

Ila gari la maji lilikuwa limetengenezwa kwa ng'ombe wawili, na Sajini maisha yake yote alivuta upande wa kushoto. Syokau alipomfunga peke yake, nira ililala upande, gari likapinda, na Sajini kwa bidii yake yote akazunguka boma mpaka akarudi alikotoka. Walijaribu tena. Akazunguka tena. Kesho yake Syokau aliutoa mkanda ukutani.

Hakumlaumu mumewe. Aliondoka alfajiri, akarudi jua likiwa kali, ameinama, mtungi mgongoni, mkanda umekaa palepale pake pa zamani. Alipita mbele ya karakana bila kutazama ndani. Nzuki alikuwa akitengeneza ngao ya kuzuia punje zisiruke. Alipomwona mkewe akipita, alikosa shabaha akajigonga kidole. Siku iliyofuata alijigonga tena. Siku ya tatu aliifunika mashine ya kupura kwa gunia.

Mutie alipokuja kukagua, alikuta mlango umejaa vipande vya mbao, mpira wa matairi na vyuma vilivyopindwa, na Nzuki amelala chini ya gari la ng'ombe, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Bwana Nzuki! Na ngao iko wapi? Hii kitu haiko kwa plani!"

"Najua," ilisema miguu.

"Komiti itasema nini?"

"Sijui. Plani ingoje."

Mutie alisubiri neno "samahani". Alisubiri sana. Mwishowe aliketi juu ya pipa lake, na mara hii ni yeye aliyeomba maji.

Gari jipya lilikuwa na mihimili miwili mirefu ya mti, mmoja kila ubavu, na mkanda mpana wa mpira wa tairi uliopita kifuani mwa ng'ombe badala ya nira shingoni. Sajini alisimama katikati ya mihimili, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakuta pote pamezibwa. Akaamua kwenda mbele. Syokau alitembea kando yake hadi mtoni, akarudi na mapipa yamejaa, akamwambia mumewe, "Linaenda." Kisha akaingia ndani akautupa ule mkanda wa ngozi jikoni motoni, ukanuka nyumba nzima, na Mbula akalalamika hadi jioni.

Ukame wa themanini na nne haukuwa umeacha jozi nyingi Kyuso. Maboma mengi yalibaki na ng'ombe mmoja mmoja, waliokula bure kwa kukosa mwenzao wa kufungwa naye. Wa kwanza kuja kuulizia lile gari alikuwa mzee Mutiso, kisha mjane, kisha watu kutoka njia ya Tseikuru ambao Nzuki hakuwajua. Hata Yakub aliagiza moja. Mashine ya kupura iliendelea kurekebishwa polepole, kati ya gari na gari.

Bi Hasina alirudi mwezi wa nane. Aliikagua mashine, akaona ndengu sasa zinaangukia guniani, nyingi zao, akaridhika. Lakini barabarani alikuwa ameyahesabu yale magari, na jambo hilo lilikuwa limemkalia rohoni.

"Magari ya ng'ombe mmoja," alisema. "Nimetafuta katika mpango wenu wa miaka kumi, sikuyaona. Ni la nani wazo hili?"

Watu waliokuwapo karakana walimgeukia Nzuki, wakangoja aseme ni letu sote, kama alivyosema maisha yake yote. Nzuki alijifuta mikono kwa tambara. Akajifuta tena.

"Ni langu," alisema, kisha akatazama huku na huko kama mtu aliyeiba. "Mimi Nzuki. Mimi ndiye nilitengeneza."

Wakati huohuo gari la maji lilikuwa linapita, mapipa yakimwaga maji, na Syokau kando yake na kijiti chake. Alikuwa amesikia. Alisimama, akacheka kicheko kikubwa ambacho Kyuso haikuwa imekisikia kwake tangu Mkoloni achinjwe.

"Na mimi!" alipaza sauti, akijigusa pale mkanda ulipokuwa ukikaa. "Kichwa ilikuwa yangu!"

Bi Hasina akatoa kalamu. Alisema ni lazima majina yaingie katika ripoti, yote mawili, ila ni lazima moja litangulie, sasa aanze na lipi? Nzuki alifungua mdomo ili amkaribishe mkewe kwa heshima, lakini Syokau alikuwa amekwisha kujibu, "Mimi kwanza."